Rambirambi kwa Watu wa Noto

Hotuba ya mwalimu mstaafu katika gulio la wanafunzi wa skuli ya msingi, la kuwachangia watu wa Noto, Japani, waliopigwa na tetemeko. Wete, Pemba, Februari 2024. Imeandikwa kutoka kwenye rikodi ya simu. Pale alipokatizwa na mbuzi pameachwa.

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mgeni rasmi, sheha wetu, wajumbe wa kamati ya skuli, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi watoto wangu mlio wenye shughuli hasa: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimepewa dakika kumi. Mwalimu mkuu nilimsomesha mimi darasa la tatu, ananijua. Ameandika kumi kwenye ratiba huku akijua nitachukua ishirini. Kivuli cha mwembe kipo, juisi ya mabungo haijesha, basi nivumilieni.

Yupo mzee mmoja, simtaji, yumo humu uwanjani na ananitazama. Wiki iliyopita alinisimamisha sokoni, furushi la dagaa mkononi, akaniambia: "Mwalimu, mnawafanyisha nini watoto? Japani ndiko zinakotoka gari zote hizi. Leo wao wachangiwe na sisi? Paa langu linavuja tangu masika ya mwaka juzi, sijamuona Mjapani kuja kunitia bati." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa sababu hoja ina nguvu. Nikamwambia, nitakujibu Jumamosi. Basi Jumamosi ndiyo hii.

Mzee wangu, alipofariki yule bwana wa mashamba ya mikarafuu, unamjua, ulifanya nini? Ulikwenda kuzika. Ulikaa msibani, na ulipoondoka ulitia mkono mfukoni ukamshika mkono mwanawe mkubwa, mwenye gari mbili na nyumba Unguja, ukamwachia shilingi elfu mbili. Hukuuliza kwanza ana kiasi gani benki. Na yeye hakukwambia, "Ami, rudisha, mimi ninazo." Alizipokea kwa mikono miwili, macho chini. Sasa niambie elfu mbili yako ilimfaa nini mtu yule? Haikununua hata lita ya petroli. Lakini usingekwenda, angekuulizia mpaka leo.

Hizi walizochanga watoto ni hizo hizo elfu mbili. Ni rambirambi. Na mimi nimefurahi kujua, katika uzee wangu huu, kuwa Wajapani wanayo rambirambi kama yetu, wanaiita koden. Inatiwa kwenye bahasha maalumu iliyofungwa nyuzi nyeusi na nyeupe, jina la mtoaji limeandikwa mbele. Mlangoni pa msiba pana meza, na mezani pana mtu wa kuandika daftari. (Nawaona akina mama wanacheka. Daftari wanaijua!) Halafu siku zikipita, wafiwa wanarudisha kizawadi, majani ya chai au taulo, kwa kila aliyewashika mkono. Hiyo bahasha nitairudia mwishoni, ina jambo lake.

Nisimulie kwanza kilichotokea, maana wapo wazazi waliotoa pesa bila ya kujua zinakwenda kwa nani.

Tarehe 1 Januari mwaka huu, saa nne na dakika kumi asubuhi kwa saa yetu, sisi tulikuwa katika shughuli zetu. Kwao ilikuwa saa kumi na dakika kumi jioni. Iko rasi inaitwa Noto, mkoa wa Ishikawa, mkono wa nchi kavu ulioingia Bahari ya Japani. Tetemeko la ukubwa wa 7.6 likapiga. Nyumba za mbao za kizamani, zenye mapaa mazito ya vigae, zililala chini na watu ndani. Katika mji wa Wajima moto ukazuka ukala mtaa wa soko lao la asubuhi, soko maarufu Japani nzima, nyumba zaidi ya 200 zikawa majivu. Waliokufa wamepindukia 200, na hesabu haijafungwa.

Na mujue siku yenyewe ni siku gani. Mwaka mpya kwa Mjapani ni kama Idi kwetu. Mtoto anayefanya kazi Tokyo au Osaka hufunga safari akarudi kijijini kwa wazee. Bibi anapika. Wajukuu wanapewa pesa katika vibahasha vidogo, wanaziita otoshidama, sawasawa na wetu hawa wanavyopita siku ya Idi mkono umetangulia: "Bibi, sikukuu yangu!" Basi lichukueni tetemeko mlitie Idi Mosi, baada ya laasiri, watoto wamevaa nguo mpya na pesa za sikukuu bado ziko mfukoni. Vijiji vile siku nyingine vimejaa wazee watupu. Siku ile vilikuwa na wageni.

Jambo lililowakamata watoto wetu kuliko yote, lakini, lilikuwa jingine. Kaskazini ya rasi ile chini ya bahari paliinuka. Mahali pengine paliinuka kiasi cha mita nne, yaani mimi na mwalimu mkuu tukisimama mmoja juu ya mabega ya mwenzake bado hatufiki. Bandari ndogo za wavuvi zikakauka. Vyombo vikakaa juu ya mchanga, mwamba wenye mwani ukabaki juani ukageuka mweupe. Tulipowaonesha picha, mtoto mmoja wa darasa la tano, baba yake anavua Kojani, aliiangalia muda mrefu kisha akauliza: "Mwalimu, maji yatajaa lini?"

Nimesomesha miaka thelathini na nne. Swali lile lilinikalisha kitini. Mtoto huyu tangu azaliwe anajua maji yakikupwa yatajaa, hata yawe ya bamvua. Hajapata kusikia maji yaliyokupwa moja kwa moja. Na pale Wajima wapo wanawake wapiga mbizi, kazi yao ya vizazi, wanaozama bila mtungi wa hewa kufuata makombe na mwani. Ukimwambia mwanamke wa Pemba anayekwenda pwani kutafuta pweza na chaza kwamba jana mwamba wake ulikuwa chini ya maji na leo ni nchi kavu, hahitaji kufafanuliwa umasikini ni nini. Kwa hivyo, mzee wangu, tajiri ni nchi. Yule mama wa Wajima na mkeo wa hapa wanaogopa jambo moja.

Basi. Hayo ndiyo ya msiba. Sasa niseme walichojifunza, maana tulisema hatutaki mtoto apitishe sanduku kama dalali bila ya kumjua anayemchangia.

Tulibahatika. Skuli ya sekondari ya jirani ina mwalimu wa hesabu wa kujitolea, binti wa Kijapani, ana miaka ishirini na sita na watoto wote wanampa shikamoo, naye anaitika marahaba kwa sauti ya bibi kizee. Jumamosi nne amekuja hapa. Siku ya kwanza watoto hawakumuuliza utamaduni. Walimtoa nje wakamwambia awasomee maandishi yaliyo ubavuni mwa gari zetu. Kumbe ile gari inayoleta ndizi kutoka Konde imeandikwa kuwa ni ya kituo cha kulea wazee, na gari moja ya abiria ni mali ya skuli ya chekechea. Mwenye gari yuko hapa, ameniahidi hatayafuta.

Akawafundisha salamu zao, na hapo palikuwa na kigugumizi kidogo. Wao husalimiana kwa kuinama. Mzazi mmoja akauliza, na ana haki ya kuuliza, kwani kuinama kwetu ni rukuu, na rukuu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Binti alipoelezwa akasema basi mkono kifuani unatosha. Tangu siku ile hata yeye anaweka mkono kifuani. Halikuhitaji kikao.

Mengine yalikuwa mepesi kwa sababu tunayo. Viatu wanavua mlangoni. Tofauti ni kwamba wao wanavigeuza, vidole vitazame nje, mtu akitoka anatumbukiza mguu tu. Naomba msikitini tuige, tutapunguza kugombania makubadhi. Wanafunzi wao wanafagia na kupiga deki madarasa yao wenyewe. Wetu waliposikia wakaguna, walidhani adhabu ile ni ya Pemba peke yake. Kabla ya kula wanasema neno lenye maana ya kuwa napokea kwa unyenyekevu. Sisi tuna Bismillahi, tumetosheka.

Kanga ndiyo iliyonirudisha utotoni. Binti alileta kitambaa chao cha mraba, furoshiki, wanafungia kila kitu: chakula, vitabu, zawadi. Alipokuwa anakifunga mimi nikatoa mtandio kabatini, kanga ya marehemu mama yangu. Vijana wengi hamjui kuwa kwa miaka mingi karne iliyopita kanga walizovaa bibi zenu zilichapwa Japani. Zilikuja kwa meli pamoja na maneno yake. Mama akisema ya Japani haichuji, na hii haijachuja, iangalieni. Huwa nawaza fundi wa kule, hajui Kiswahili hata neno, amekaa anapiga chapa vijembe vya wake wenza wa Unguja na Pemba, mita kwa mita, kwa uangalifu mkubwa. Tusiseme tumejuana na watu hawa mwezi uliopita.

Mwani nao. Akina mama wanaolima mwani mpo, nawaona. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989 Paje na Jambiani, kikaja huku. Mnafunga kamba, mnapanda, mnavuna, mnaanika, tajiri anachukua. Nani hapa amewahi kuutia mdomoni? Hakuna. Binti akawaeleza watoto kuwa kwao mwani ni mboga, ni supu, ni karatasi nyeusi ya kufungia kibumba cha wali. Ule wao wa kufungia ni wa aina nyingine, huu wetu unakwenda kutengenezwa uji mzito wa viwandani, lakini watoto hawakutaka kusikia hilo. Leo mmenunua pale mezani vibumba vya wali vyenye samaki ndani, vimefungwa jani la mgomba kwa sababu mwani wa kufungia haupatikani Wete. Shilingi mia tano kimoja. Vimekwisha kabla ya kaimati, jambo ambalo sijapata kuliona tangu nizaliwe.

Halafu ndege korongo. Hawa mnaowaona wananing'inia mwembeni kwa nyuzi, wa karatasi, walifika elfu moja. Wajapani huona mtu akikunja korongo elfu ameomba jambo kwa subira. Watoto waliambiwa khabari za Sadako Sasaki, msichana wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa mwaka 1945 alikuwa na miaka miwili. Akakua, akawa hodari wa mbio, mwaka 1955 akaugua saratani ya damu. Hospitali akakunja korongo kwa karatasi za kufungia dawa. Wengine husimulia kuwa hakufika elfu; ndugu zake wanasema alizipita. Alikufa Oktoba mwaka huo huo, ana miaka kumi na miwili. Darasa la sita lilikuwa kimya kabisa. Wapo humu wenye miaka kumi na miwili.

Kwa kukunja, wasichana wa hapa hawakusumbuka. Vidole vilivyozoea kusuka ukili, vikahesabu miyaa kwa kuipapasa, havishindwi na karatasi. Walioteseka ni wavulana, mpaka mmoja alipokumbuka kuwa kititia cha jani la mnazi ni kukunja huku huku. Karatasi zilitoka kwenye madaftari yaliyojaa na mitihani ya zamani. Ukimfungua korongo mmoja mmoja utakuta tumboni ana hesabu za sehemu, na wengine wana alama ya kosa kwa wino mwekundu, mwandiko wangu naujua.

Tulifika elfu siku ya Jumatano. Alkhamisi alfajiri tukakuta mbuzi wa jirani ameingia baraza ya skuli. Alikula korongo arubaini na mmoja. Mwenye mbuzi ametoa shilingi elfu tatu kwenye sanduku, tumemsamehe. Mbuzi hatujamsamehe, na nyote mmesikia alivyokuwa akinijibu tangu nianze.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kama mwalimu wa Kiswahili sitakubali lipite. Wajapani wana shairi dogo, haiku, mistari mitatu: mizani tano, saba, tano. Nasema mizani makusudi. Wao hawahesabu kama Waingereza. Wanahesabu kama sisi. Silabi zao zinaishia na irabu kama zetu, na ile n yao inayosimama peke yake wanaipa mizani yake, kama tunavyoipa m ya mtu. Jina la nchi yao kwa lugha yao ni Nihon: ni, ho, n. Tatu. Kama m, tu, mbili. Mtoto wa Pemba aliyesoma mashairi anahesabu haiku kwa vidole bila ya kufundishwa. Mshororo wetu wa shairi una mizani kumi na sita. Haiku nzima ina kumi na saba. Yaani shairi lao zima ni mshororo wetu mmoja na chembe moja juu. Mshairi wetu angekuwa ndiyo kwanza amebisha hodi, wao wamekwisha maliza na wameondoka.

Niliwaambia watoto, andikeni. Ilikuwa ile Alkhamisi ya mbuzi, kwa hivyo wa kwanza kusimama alisoma:

Mbuzi kashiba,
korongo katafuna,
nyuzi zabaki.

Hesabuni. Tano, saba, tano. Hana kosa. Binti wa Kijapani alicheka akaliandika kwenye kitabu chake.

Wa pili kusimama ni msichana ambaye hasemi sana darasani. Akasoma:

Bahari tuli,
mawimbi yamelala,
babu harudi.

Tukanyamaza. Nilijua babu gani.

Wazee wangu, mwaka 2011 tarehe 11 Machi Japani ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 9.0, na mawimbi yaliyofuata yakaua watu karibu 16,000, na zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo. Miezi sita tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, mwaka huo huo, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikija kwetu Pemba. Sina haja ya kumuelezea mtu wa Wete Spice Islander. Zilitajwa maiti zaidi ya 200, na kila mtaa huku unajua kuwa waliopotea ni wengi kuliko hao. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, na waliowaokoa wa mwanzo ni wavuvi wa Nungwi. Vilikuja vyombo vya wageni, walikuja wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini, mkondo ukawashinda. Walishindwa, lakini walikuja. Siku ile hakuna aliyesimama pwani akauliza, Afrika Kusini kwao hawana masikini wa kuwahudumia?

Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa baada ya msiba ule, ambaye babu yake anamjua kwa picha ya ukutani, akimwandikia mtoto wa Noto mistari mitatu, anajua anachokiandika. Mistari hiyo imefasiriwa kwa Kijapani. Itakwenda.

Nimebakisha mawili. La kwanza si la fedha, ni la roho zetu wenyewe. Tsunami ni neno lao: tsu ni bandari, nami ni wimbi. Wimbi la bandarini. Msidhani halitufikii. Tarehe 26 Disemba 2004 lilianzia Indonesia likavuka bahari yote hii. Somalia liliua karibu watu 300, na Dar es Salaam walikufa watu waliokuwa wakiogelea. Ndiyo maana tulitumia Jumamosi nzima kwa hili. Watoto waliigiza kisa cha Hamaguchi, mfanyabiashara wa sosi ya soya wa kijiji cha Hiro. Mwaka 1854 tetemeko limepita, usiku umeingia, bahari inakuja, watu wamepotea gizani. Akatia moto marundo ya mabua ya mpunga ili waone njia ya kupandia mlimani. Kisha akatoa fedha zake kujenga ukuta wa kuzuia bahari, akawalipa ujira wanakijiji wale wale waliopoteza kila kitu, wapate kula. Sasa Umoja wa Mataifa umeiweka tarehe 5 Novemba kuwa siku ya kukumbushana khatari ya tsunami, kwa ajili ya kisa hicho. Marundo yetu yalikuwa ya makuti, na moto ulikuwa wa karatasi nyekundu. Mwalimu mkuu alikataa moto wa kweli, na alikuwa sahihi.

Na walijifunza khabari ya Kamaishi, mji wa pwani ya Japani. Mwaka 2011, katika mji ule, wanafunzi karibu 3,000 wa msingi na sekondari walisalimika. Walikuwa wamefundishwa mapema. Ardhi ilipotulia wakubwa walikimbia bila ya kungoja. Wadogo wa skuli ya jirani walipowaona wakafuata. Wakubwa wakawashika mikono. Walifika mahali palipopangwa, wakaona hapatoshi, wakapanda tena juu zaidi. Pale walipopaacha paliingia maji.

Wana neno la pwani ya kule, tendenko, maana yake kila mtu akimbie kivyake. Akina mama mliposikia mlikasirika, na mmoja aliniambia huo ni uchoyo. Na mimi nililiona hivyo mwanzo. Tangu mtoto atambae tunamwambia, mngoje mdogo wako, mpitie bibi. Lakini sikilizeni hesabu yake. Watu wengi hufa kwa kurudi nyumba kumtafuta mtu ambaye keshaondoka. Mtoto akijua kwa yakini kuwa mama atakimbilia juu, hatarudi kumtafuta. Na mama akijua mwanawe keshapanda, hatashuka skuli. Ni kuaminiana, kunakohitaji kukubaliana kabla. Basi leo jioni, kila nyumba, kaeni muulizane: tukitengana, tunakutana kilima gani? Nyinyi watoto wa wavuvi mna elimu moja ambayo mtoto wa mjini hana. Mnajua saa ya maji. Maji yakikupwa si wakati wake, usishuke kuokota samaki. Panda.

La pili ni hizi fedha. Tumehesabu mara tatu: shilingi 842,300. Ahadi sikuzihesabu. Mgeni rasmi, yako tunaisubiri kwa heshima zote.

Kamati ilitaka zote ziende Noto. Watoto wakapinga, katika kikao chao wenyewe, mimi nikiwa nje ya dirisha. Walikumbuka kuwa tarehe 3 Disemba mwaka jana, kule Katesh, Hanang', Mkoa wa Manyara, mlima ulishuka na matope ukaua watu zaidi ya 80, na skuli zilikuwa karibu kufungwa, hatukutoa kitu. Mtoto mmoja akasema: "Misiba miwili, unakwenda yote miwili." Wakagawa katikati. Kwa hivyo bahasha ni mbili, sawa kwa sawa, 421,150 kila moja. Ya Noto itapitia ubalozi wa Japani Dar es Salaam. Ya Hanang' mwalimu mkuu atawaeleza njia yake, nisimmalizie maneno.

Na ile bahasha niliyosema nitairudia. Watoto walipomaliza kuhesabu walitaka pesa zibadilishwe benki zitolewe noti mpya. Ilikuwa rundo la kutia aibu: mia tano mia tano zilizokunjwa vipande vinne, sarafu, noti zenye mafuta ya taa, zenye vumbi la karafuu. Wakasema zawadi haiendi hivi kwa watu. Binti wa Kijapani akawazuia. Akawaambia kuwa kwao, pesa ya koden haiwi mpya. Ukitia noti mpya ni kama kusema ulikuwa umejiandaa, umeiweka tayari unangojea mtu afe. Noti ya msiba inatakiwa iwe kuukuu, ionekane umeitoa mfukoni ulivyoikuta. Na aliye na mpya tupu huikunja kwanza.

Watoto wakatazama lile rundo lao.

Najua zikifika benki zitageuka tarakimu, hakuna noti ya Wete itakayofika Wajima. Ila moja. Noti ya elfu moja ina gamba la samaki limeganda pembeni, changu nadhani, aliyeitoa ni mvuvi. Mtoto mmoja alianza kulibandua kwa ukucha, wenzake wakamshika mkono. Hiyo tumeiacha ndani ya bahasha pamoja na barua, zile mistari, na korongo mmoja mwenye hesabu za sehemu tumboni. Nafasi yake kwenye sanduku nimeijaza mimi.

Mzee wangu wa dagaa, nimekuona umetia mkono mfukoni. Meza iko pale chini ya mwembe, mpaka saa kumi na moja. Usiinyooshe.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum.